Rugambwa alimwona nani?

Wengi wetu tunamjua Kardinali Laurean Rugambwa kwa jina la shule ya wasichana pale Bukoba, basi. Mimi ninayesomea ualimu na niliyekulia Biharamulo nayasoma maisha yake kwa swali moja: nani alimfanya atamani upadri?

Alizaliwa Bukongo, Kamachumu, tarehe 12 Julai 1912, katika ukoo wa watawala wa Kihaya. Mtoto wa ukoo huo angeweza kubaki kwenye njia ya wazee wake. Ila mwaka 1921 wazazi wake walibatizwa, naye akabatizwa pamoja nao. Tayari mwaka 1917 mapadri wa kwanza Waafrika wa nchi hii walikuwa wameshapewa daraja, tena hukohuko Kagera. Kwa hiyo alipoingia seminari ya Rubya, upadri haukuwa tena kazi ya Wazungu peke yao.

Akaendelea Katigondo, Uganda, akawa padri Desemba 1943. Alipelekwa Roma, akarudi na udaktari wa sheria za Kanisa. Mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza. Baadaye aliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam hadi 1992. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997.

Akili alikuwa nayo, bidii pia. Lakini hebu ondoa wazazi wale, ondoa seminari ya jirani, ondoa mapadri wa 1917. Anabaki kijana mwenye akili tu, kama walivyo wengi.

Sasa njoo Ngara na Biharamulo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anamwona mwalimu, nesi, askari na dereva wa lori la Rusumo. Mhandisi wa nikeli ya Kabanga anampita na vioo vya gari vimepandishwa. Akiambiwa achague sayansi au sanaa, anafuata rafiki yake au neno la baba. Darasani kwetu kulikuwa na binti aliyetushinda wote hesabu. Nyumbani wakamwambia umeme ni kazi ya wanaume, akaacha fizikia.

Likizo hii, tunaotoka Kagera, twende shule tulizosoma. Tuwaeleze wadogo zetu tahasusi tulizochukua na mkopo unaombwaje. Ukardinali hatutaupata, lakini angalau tutaonekana.