Lucy Wills, daktari aliyeitafuta damu ya mjamzito katika sahani yake

MJAMZITO anayetoka kliniki mjini Kisumu, iwe ni katika hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji wengi wamezoea kuiita Russia, au katika zahanati ndogo ya ufuoni kuelekea Asembo na Usenge, aghalabu huwa amebeba pakiti ya tembe za kuongeza damu.

Kila tembe ina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi la B. Kiasi hicho cha pili hakizidi uzani wa punje chache za chumvi.

Kwa miaka mingi, ukosefu wa kitu hicho kidogo uliwaua wanawake wakiwa wajawazito au punde tu baada ya kujifungua, na madaktari hawakujua wauawa na nini. Aliyefungua njia ya kukitambua ni Lucy Wills, mtafiti Mwingereza aliyefariki mwaka 1964.

Kazi yake kuu aliifanyia India, lakini ni vigumu kupata mahali panapoihitaji kuliko ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Hapa malaria huwapo takriban mwaka mzima, na vimelea vyake huvunja chembe nyekundu za damu. Mwili hulazimika kutengeneza nyingine upesi, na kazi hiyo haiwezekani bila foleti, yaani asidi ya foliki kama inavyopatikana katika chakula. Hali kadhalika, ugonjwa wa selimundu umeenea katika eneo hili, nao pia humaliza akiba ya foleti mwilini.

Mimba inapoongezeka juu ya mzigo huo, mama hugawana kidogo alicho nacho na mtoto aliye tumboni. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu hana akiba ya kumvusha akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Mtoto naye huenda akazaliwa kabla ya wakati, akiwa na uzani mdogo, na akiba haba ya madini ya chuma ya kumpitisha miezi yake ya kwanza.

Lucy Wills alizaliwa Mei 10, 1888, huko Sutton Coldfield, karibu na jiji la Birmingham. Ukoo wa baba yake ulikuwa na kiwanda cha kutengeneza miundu na vifaa vingine vya makali, na baba mwenyewe alikuwa amesomea sayansi. Mama yake alikuwa binti wa daktari. Ilikuwa familia ya watu wenye nafasi, walioona kwamba msichana naye anapaswa kusoma, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo hata Uingereza.

Baada ya masomo katika shule ya wasichana ya Cheltenham, alijiunga na Chuo cha Newnham, Cambridge, mwaka 1907 na kusomea botania na jiolojia. Alifanya mitihani yake na kupita, ila hakupewa shahada. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kikiwaruhusu wanawake kufanya mitihani na kisha kuwanyima shahada, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1948, Wills alipokuwa na umri wa miaka 60.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Baba yake alifariki mwaka 1911, na dada yake akafa miaka miwili baadaye. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Wills alikuwa Afrika Kusini, na kwa majuma kadhaa alijitolea kuwauguza wagonjwa mjini Cape Town. Aliporejea kwao, aliingia chuo cha udaktari cha wanawake jijini London Januari 1915. Alihitimu mwaka 1920, akiwa na miaka 32.

Hakufungua kliniki wala hakutafuta wagonjwa wa kulipa. Alichagua maabara ya hospitali ya Royal Free, London, akachunguza jinsi mwili wa mwanamke unavyobadilika wakati wa ujauzito. Ni somo ambalo wengi wa wakati wake hawakulipa uzito.

Mwaka 1928 alisafiri kwenda India. Daktari Margaret Balfour alikuwa akiongoza uchunguzi kuhusu vifo vya akina mama, na Wills alialikwa kutafuta chanzo cha aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiwaua wajawazito wengi, hasa jijini Bombay, ambalo leo ni Mumbai. Makao yake yalikuwa katika Taasisi ya Haffkine jijini humo.

Ugonjwa huo ulikuwa wa ajabu. Chembe nyekundu za damu zilikuwa chache, lakini kila moja ilikuwa kubwa kupita kiasi. Chini ya darubini ilionekana kama kwamba uboho wa mifupa ulikuwa ukianza kuzitengeneza na kushindwa kuzikamilisha. Madini ya chuma hayakusaidia.

Wapo waliodhani ni maambukizi. Wills alipima uwezekano huo na kuuweka kando. Badala yake, alifuatilia walichokula wanawake wa tabaka na jamii mbalimbali, ni nani waliougua na ni nani waliosalimika. Ugonjwa ulikuwa umewaandama zaidi wanawake maskini wa Kiislamu, ambao chakula chao kilikuwa duni kuliko cha wengine wote.

Alichukua chakula cha aina hiyo hiyo akawalisha panya. Panya wenye mimba walipungukiwa na damu, na wengi wakafa kabla ya kuzaa. Alipowaongezea hamira, hawakuugua.

Mtafiti mwenye pupa angeishia hapo na kutangaza ushindi. Ikabainika baadaye kwamba panya wale walikuwa na vimelea vya damu vilivyoenezwa na chawa, na kwamba huenda sehemu ya ugonjwa wao ilitokana na vimelea hivyo. Wills hakulificha jambo hilo. Aliwaacha panya, akaanza upya kwa kima.

Wakati huo ulimwengu wa tiba ulikuwa umesisimkwa na maini. Madaktari wa Marekani walikuwa wamegundua mwaka 1926 kwamba wagonjwa wa aina nyingine ya upungufu hatari wa damu walipona wakilishwa maini kwa wingi, ugunduzi uliowaletea Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Wills aliona kwamba maini yaliwasaidia pia wajawazito wake. Lakini dawa ya maini ilikuwa ghali, na mwanamke wa vibanda vya Bombay asingeweza kuimudu.

Ndipo alipojaribu Marmite. Hiki ni kitu cheusi, kizito na chenye chumvi, ambacho Waingereza hupaka kwenye mkate. Kimetengenezwa tangu mwaka 1902 kutokana na hamira inayobaki viwandani baada ya kupika bia. Kilikuwa cha bei nafuu. Kima aliyekuwa dhaifu alipopewa, alipata nafuu kwa namna ambayo haikutarajiwa.

Kisha wakapewa wanawake. Katika siku chache, chembe changa za damu zilifurika katika mishipa yao, ishara kwamba uboho umeamka. Waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walianza kutaka chakula. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1931 katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal.

Wills hakujua hasa ni kitu gani ndani ya hamira kilichoponya. Alichothibitisha, hasa katika kazi yake ya miaka ya mwisho ya 1930, ni kwamba hakikuwa kile kile kilichowaponya wagonjwa wa Marekani. Dawa ya maini iliyosafishwa sana iliwasaidia wale na kuwaacha hawa vile vile, ilhali maini yasiyosafishwa yaliwafaa wote. Kwa muda, kitu hicho kisicho na jina kiliitwa kwa jina lake.

Mwaka 1941 watafiti wa Texas, Marekani, walikipata katika majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki kutokana na neno la Kilatini la jani. Kufikia katikati ya muongo huo kilikuwa kikitengenezwa maabarani.

Kwa wakazi wa Nyanza, hilo la majani halipaswi kupita hivi hivi. Osuga, dek, apoth na majani ya kunde, mboga ambazo mabibi wa ufuoni wamezipika tangu jadi, ni miongoni mwa vyakula vyenye foleti, sawa na maharagwe na maini. Tatizo ni kwamba foleti huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto. Mboga ikichemshwa kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya foleti humwagwa nayo. Omena ana protini na madini mengi, lakini si yeye wa kuziba pengo hili. Na sahani ambayo karibu yote ni ugali mweupe haiko mbali sana na zile ambazo Wills aliziona Bombay.

Wills alirejea Royal Free na kuhudumu huko katika kipindi chote cha Vita vya Pili, akienda kazini kwa baiskeli. Hospitali yenyewe ilipigwa bomu mwaka 1944. Katika miaka hiyo ya mgao wa chakula, aligeukia nusu ya pili ya tembe ya leo. Aliwapa wajawazito madini ya chuma na kuwalinganisha na wengine waliopewa tembe zisizo na dawa, mbinu ambayo wakati huo haikuwa imezoeleka katika utafiti wa ujauzito.

Alistaafu mwaka 1947, ila hakupumzika. Alikwenda Jamaika, Fiji na tena Afrika Kusini kuchunguza lishe na upungufu wa damu, na akawa diwani wa Chama cha Leba huko Chelsea, London. Hakuolewa, wala hakuwa na watoto. Alifariki Aprili 16, 1964. Umma mpana ulianza kulisikia jina lake Mei 10, 2019, kampuni ya Google ilipoweka picha yake katika ukurasa wake wa mbele kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa.

Hakuishi kuona mengine. Mwaka 1991, utafiti uliofanywa katika nchi saba ulidhihirisha kwamba asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na katika majuma yake ya mwanzo, huzuia visa vingi vya watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo hujifunga katika mwezi wa kwanza, kabla ya wanawake wengi kujua kwamba wana mimba, kwa hivyo tembe ya kliniki huwa imechelewa. Ni kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine, Kenya iliamuru mwaka 2012 kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe virutubisho. Amri hiyo haigusi debe la mahindi linalopelekwa kwenye kinu cha kijijini, ambako familia nyingi za ufuoni hupata unga wao.

Jambo lililo na uzito zaidi kwa eneo la ziwa lilijulikana mwaka 2006. Wajawazito katika maeneo yenye malaria hupewa dawa aina ya SP ili kuwakinga. Dawa hiyo huua vimelea kwa kuvizuia kujitengenezea foleti, kwani navyo huihitaji ili viongezeke. Wakati huo, tembe ya asidi ya foliki iliyotumika sana nchini ilikuwa ya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kipimo cha leo.

Watafiti waliwafuatilia wajawazito wenye malaria katika hospitali za magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa waliomeza miligramu 5 kila siku, SP ilishindwa kutibu karibu maradufu ikilinganishwa na waliopewa tembe isiyo na dawa. Kwa waliomeza miligramu 0.4, ambazo ndizo mikrogramu 400, hapakuwa na madhara hayo. Kwa maneno mengine, foleti ya ziada iliyokusudiwa kumjenga mama ilikuwa ikiwalisha adui zake. Shirika la Afya Duniani sasa huagiza kwamba kipimo cha miligramu 5 au zaidi kisitolewe pamoja na SP.

Lilibaki swali la chuma, kwa kuwa wapo waliohofia kwamba nacho huchochea malaria. Utafiti uliofanyiwa wajawazito 470 katika eneo la Nyanza, na kuchapishwa mwaka 2015, haukupata ushahidi kwamba waliopewa miligramu 60 kwa siku waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Watoto wao walizaliwa wakiwa na uzani uliozidi wa wengine kwa wastani wa gramu 150.

Hata hivyo, si pakiti zote zinazotoka kliniki humalizika. Tembe huwatia baadhi ya wanawake kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi, na wengine huogopa kwamba mtoto atakuwa mkubwa mno na kuwatatiza wakati wa kujifungua. Wauguzi hushauri zimezwe jioni, pamoja na chakula au baada yake, na chai iwekwe mbali kwa saa moja au mbili kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini.