Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa Dar es Salaam

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Waingereza. Alipata masomo yake Tabora. Baadaye akawa mwalimu wa dini wa Waislamu wa Ahmadiyya. Waahmadiyya walikuwa wachache, na Waislamu wengi hawakukubaliana na mafundisho yao.

Mtunzi wa mashairi

Sheikh Amri alikipenda sana Kiswahili. Alisaidia katika kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1953.

Mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha mashairi. Ndani yake alieleza sheria za kutunga: vina ni nini, mizani ni nini, na namna ya kuvipanga. Mashairi yalitungwa tangu zamani, na watunzi wengi walijifunza kwa kusikia. Sheikh Amri aliziandika sheria hizo wazi. Kila aliyejua kusoma aliweza kujifunza kutunga.

Baraza la mji

Dar es Salaam ilipewa baraza la manispaa mwaka 1949. Baraza la mji lilishughulikia mambo ya kila siku: barabara, masoko, leseni, maji machafu na takataka. Wajumbe wake huitwa madiwani. Kiongozi wao huitwa meya.

Siku hizo watu wa mji huo walikaa mbalimbali. Wazungu walikaa Uzunguni, karibu na bahari, kwenye nyumba kubwa zenye bustani. Wahindi wengi walikaa Uhindini, penye maduka. Waafrika wengi walikaa Uswahilini, katika sehemu kama Kariakoo na Ilala. Nyumba nyingi za huko zilikuwa za miti na udongo.

Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini. Lakini katika baraza walikuwa wachache, na mameya wa kwanza hawakutoka kwao. Basi mambo ya Uswahilini yaliamuliwa na watu wasiokaa Uswahilini. Mtu alilipa ushuru sokoni, lakini hakuwa na sauti juu ya matumizi ya ushuru huo.

Mwafrika awa meya

Chama cha TANU kilidai nchi ijitawale. Sheikh Amri alikuwa mwanachama wake. Mwaka 1960 akawa meya wa Dar es Salaam. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

Hili halikuwa jambo dogo. Dar es Salaam ilikuwa mji wa Waislamu, Wakristo, Wahindu na wengine. Sheikh Amri alitoka bara, tena alikuwa wa madhehebu yenye watu wachache. Lakini umeya haukuwa kazi ya dini wala ya kabila. Ulikuwa kazi ya mji mzima.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi huo huo Dar es Salaam ikapewa hadhi ya kuwa jiji.

Kazi za taifa

Mwaka 1963 Sheikh Amri akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 akawa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Siku hizo madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika yalikuwa sehemu ya kazi za maendeleo. Basi mtu aliyewafundisha wengine kutunga mashairi akapewa pia kazi ya kuondoa ujinga.

Hakuifanya kwa muda mrefu. Alifariki Ujerumani mwezi wa Oktoba 1964. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.

Neno moja, maana mbili

Kwa Kiswahili, diwani ni mjumbe wa baraza. Diwani pia ni kitabu cha mashairi. Sheikh Amri alizijua diwani zote mbili. Katika moja alipanga maneno, katika nyingine alipanga mambo ya mji. Zote mbili zinataka mtu ajue kusoma, kuhesabu na kusikiliza wenzake.

Maswali

1. Baraza la mji lilifanya kazi gani?
2. Kwa nini watu wa Uswahilini hawakuwa na sauti katika baraza?
3. Diwani wenu ni nani? Mnampelekea mambo gani?