Abdus Salam na makala iliyokaa kimya

Leo tuache mpira na siasa kidogo, nina stori ya jamaa mmoja aliyefariki mwaka 1996, mwanafizikia wa chembe ndogo kabisa, zile zilizomo ndani ya atomu. Anaitwa Abdus Salam.

Wanasayansi siku hizi wanapimwa kwa kuhesabiwa: umeandika makala ngapi, na wenzako wamezitaja mara ngapi katika za kwao. Salam aliandika zaidi ya 200. Ile iliyompa Nobel ilikuwa hotuba aliyoitoa Sweden mwaka 1968, akieleza kwamba nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya atomu kuoza ni kitu kimoja. Haikutoka hata kwenye jarida! Ilichapishwa ndani ya kitabu cha mkutano, ikakaa kimya.

Steven Weinberg wa Marekani aliandika wazo hilohilo kivyake mwaka 1967, tena kwenye jarida kubwa, naye hakuwa na bahati zaidi. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 1979, makala yake ilitajwa mara 1 mwaka 1970 na mara 4 mwaka 1971. Halafu 1972 ikaruka hadi 64. Kilichotokea ni kwamba 1971 kijana wa Kiholanzi, Gerard 't Hooft, alionyesha kwamba hesabu za wazo lile zinafanya kazi. Mwaka 1973 mashine ya CERN kule Geneva ikaona alama zake, na 1979 Salam, Weinberg na Sheldon Glashow wakagawana Nobel. Leo makala ya Weinberg imetajwa zaidi ya mara elfu kumi. Sasa niambieni, ofisa wa kuhesabu angekuja mwaka 1970, angempa nani kazi?

Salam alizaliwa 1926 akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab, enzi za Mwingereza. Baba yake alifanya kazi idara ya elimu. Akiwa na miaka 14 alivunja rekodi ya mtihani wa jimbo zima. Mwaka 1946 akapata nafasi ya kusoma Cambridge.

Hapa ndipo panaponigusa. Mwaka 1951 alirudi nyumbani, Pakistan sasa, kufundisha Lahore. Ana udaktari, jina lake linajulikana Ulaya, lakini akaambiwa utafiti asahau, achague kazi ya ziada: kusimamia bweni, kutunza hesabu au timu ya mpira. Akachukua mpira. Majarida yalikuwa shida na wa kujadiliana naye hakuwepo. Aliwahi kusafiri hadi Bombay kumwona Wolfgang Pauli, mkubwa wa fani yake, na aliporudi akakemewa kwa kuacha kazi. Mimi nilisoma fizikia sekondari kwa kunakili daftari la kaka aliyetangulia, maana mwalimu wa somo hatukuwa naye, kwa hiyo upweke ule nauelewa japo kwa mbali. Mwaka 1954 akashindwa, akarudi Uingereza.

Huko nako mambo hayakunyooka. Mwaka 1956 alipata wazo kuhusu chembe iitwayo nyutrino, akampelekea Pauli yuleyule, akajibiwa atafute la maana zaidi. Majaribio yakaja kumpa haki Salam, na Pauli akaomba radhi.

Lakini ya Lahore hakuyasahau. Mwaka 1964 alifungua kituo cha fizikia Trieste, Italia, kwa ajili ya watu wa nchi maskini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwalimu wa chuo cha Afrika au Asia anakwenda wiki kadhaa au miezi michache, anasoma majarida, anabishana na wenzake, anarudi nyumbani kufundisha, halafu baada ya muda anakwenda tena. Hana haja ya kuhama nchi kama alivyohama yeye. Kazi hii haionekani kwenye hesabu ya makala zake, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko Nobel. Hata Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao Nairobi, kilianzishwa Trieste mwaka 1985, Mkenya Thomas Odhiambo akiwa kiongozi wake wa kwanza.

Kwao heshima ilikuwa na mpaka. Alikuwa Ahmadiyya, na 1974 bunge la Pakistan lilitangaza kwamba watu wa dhehebu hilo si Waislamu. Alizikwa Rabwah, na neno Mwislamu likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Kituo cha Trieste kilipewa jina lake mwaka 1997. Tangu 2018 kina tawi Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, linalofundisha shahada ya uzamili na uzamivu ya fizikia kwa Waafrika. Chukueni ramani mpime: kutoka hapa Morotonga, Kigali ni karibu kuliko Dar.