Leonhard Euler na Namba 4294967297

Leonhard Euler alizaliwa Basel, nchi ya Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe awe mchungaji vilevile. Lakini kila Jumamosi kijana alikwenda kwa Johann Bernoulli, bingwa wa hesabu wa mji ule, kumwuliza yaliyomshinda vitabuni. Na Bernoulli ndiye aliyemwomba mzee amwachie mtoto afuate hesabu. Mwaka 1727 Euler akahamia St. Petersburg, Urusi.

Siku zile watu wa hesabu walikuwa na neno la Mfaransa Pierre de Fermat, aliyekufa mwaka 1665. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4. 4 kwa yenyewe, 16. Kisha 256, kisha 65536. Kila moja uiongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65537, na zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba zote zifuatazo ni tasa pia. Inayofuata ni 4294967297.

Namba hiyo si ndogo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mtu ambaye angeanza siku ile kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, asile wala asilale, angeifikia mwaka 2027.

Fermat aliheshimiwa mno, na kumpinga hakukuwa jambo jepesi kwa kijana wa miaka 25. Lakini mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 641 mara 6700417 ni 4294967297 kamili. Siku mvua ya Tukuyu itakapotufungia darasani, msomaji na achukue kalamu azidishe mwenyewe.

Alifikaje kwenye 641? Miaka kadhaa baadaye alieleza kwamba namba tasa yoyote inayoigawanya hii, nayo ikigawanywa kwa 64, lazima ibaki 1. Za kwanza za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Anayejaribu namba tasa zote kwa zamu kuanzia 2 atagawanya mara 116. Euler alihitaji mara tano tu. Nadhani hapo ndipo utamu wote ulipo. Na hata leo, baada ya 65537, hakuna aliyepata namba tasa nyingine katika safu ile ya Fermat.

Kabla ya kutimiza miaka 35 jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika. Alikaa Berlin tangu 1741 hata 1766, akarudi Urusi, na huko jicho la pili nalo likafa. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea kwa moto, akaokolewa. Hakuacha kazi: alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Mwaka 1772, akiwa kipofu, alitoa habari kwamba 2147483647 ni namba tasa, na safari hii hakuna aliyemkosoa.

Tarehe 18 Septemba 1783 alikuwa akizungumza juu ya mwendo wa Uranus, sayari iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1781, akashikwa na ugonjwa ghafula, akafa siku ileile.