Christian Frederick Martin, seremala aliyetetea haki ya kutia jina lake ndani ya gitare

Ukichungulia katika tundu la gitare ya bei kali, mara nyingi utaona maandishi: jina la aliyeitengeneza, namba, na pengine etiketi inayosema kwamba ni toleo maalum. Maandishi hayo yanaweza kupandisha bei mara nyingi. Kati ya watu walioyapa uzito ni Christian Frederick Martin, seremala wa Ujerumani aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1796 katika mji wa Markneukirchen. Alikufa tarehe 16 Februari 1873 huko Nazareth, katika jimbo la Pennsylvania, inchini Marekani.

Baba yake, Johann Georg Martin, alikuwa seremala wa kutengeneza meza na makabati, na alitengeneza pia gitare. Mtoto alifuata kazi ya baba. Angali kijana alienda Vienna, mji mkuu wa Austria, kujifunza kwa Johann Georg Stauffer, aliyekuwa kati ya mafundi wa gitare wenye sifa kubwa wakati ule. Hakubaki mwanafunzi tu: alipanda mpaka kuwa msimamizi katika karakana ya Stauffer. Huko Vienna ndiko alikooa pia, akamchukua Ottilie Kühle, binti wa fundi wa vinubi.

Aliporudi Markneukirchen, alikuta matata. Siku hizo kila kazi ya mikono ilikuwa na chama chake, na chama ndicho kilichoamua nani ana ruhusa ya kutengeneza nini. Wafundi wa violini walidai kwamba gitare ni kazi yao peke yao. Kwao, seremala ni mtu wa kutengeneza viti na meza, hana ujuzi wa vyombo vya muziki. Walipeleka mashitaka mwaka wa 1826, kisha wakarudia mwaka wa 1832. Katika utetezi wa maseremala, jina la Martin lilitajwa kama ushuhuda: mtu aliyeongoza kazi kwa Stauffer hawezi kuitwa mjinga wa gitare. Maseremala walishinda. Lakini Martin alikuwa amekwisha kuona kwamba katika mji ule mkate wa watoto wake utategemea kila mara ugomvi wa vyama.

Mwaka wa 1833 alivuka bahari na familia yake, akafika New York mwezi wa Novemba. Alifungua duka kwenye barabara ya Hudson, namba 196. Aliuza vyombo vya muziki vya kila aina na karatasi za nyimbo, na huku alitengeneza gitare. Zile za kwanza zilifanana sana na za Stauffer: misumari yote sita ya kukaza nyuzi ilipangwa upande mmoja wa kichwa.

Maisha ya mji mkubwa hayakuwapendeza yeye na mke wake. Rafiki yake Heinrich Schatz, fundi pia, alikuwa amehamia Pennsylvania karibu na Nazareth, mji uliokaliwa na Wamoraviani wenye kusema Kijerumani. Ni kanisa lile ambalo watu wengi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wanalijua hata leo. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1839, Martin naye alikuwa amejipatia makao karibu na hapo.

Etiketi za miaka ile zinasimulia safari yake. Kuna gitare zenye jina la Martin na Schatz. Kuna zingine zenye jina la Martin na Coupa, kwa sababu John Coupa, mwalimu wa gitare wa New York, ndiye alimsaidia kuziuza. Na kuna jambo la kushangaza zaidi: hata baada ya kazi yote kuhamia Pennsylvania, muhuri uliendelea kutaja New York, ambako gitare ziliuziwa. Ni mwaka wa 1898 tu, miaka 25 baada ya kifo chake, ndipo mjukuu wake Frank Henry Martin aliandika Nazareth. Hapo pia ndipo kila gitare ilianza kupewa namba yake, kuanzia 8000.

Sifa ya Martin haikutoka kwenye etiketi. Karibu mwaka wa 1843 alimtengenezea Madame de Goñi, mpiga gitare kutoka Hispania, chombo ambacho ndani yake vijiti viwili vinakatana kama herufi X chini ya ubao wa mbele. Vijiti hivyo vinazuia ubao usipinde kwa nguvu ya nyuzi, bila kuufunga usitoe sauti. Wakati ule nyuzi zilikuwa za matumbo ya wanyama. Nyuzi za chuma zilipoenea baadaye, njia ile ndiyo iliyoweza kustahimili mvuto wake, na leo imeenea duniani kote. Miaka ya 1850 alipanga pia gitare zake kwa ukubwa na kwa namba za mtindo, kama 18 na 28. Kwa hiyo mnunuzi alijua ni ubao gani na mapambo gani analipia.

Matoleo maalum ya leo yalizaliwa muda mrefu baada yake. Mwaka wa 1976 kampuni yake ilitoa gitare 1,976 za D-76 kwa kukumbuka miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Mwaka wa 1995 ilitoa 461 tu za 000-42EC, na Eric Clapton alitia sahihi kwenye etiketi ya kila moja. Hapo mnunuzi analipia pia uchache na jina la mwanamuziki.

Toleo lingine linaitwa maalum kwa sababu ya ubao. Martin alitumia palisandre ya Brazili kama ubao wa kawaida wa gitare zake nzuri. Miti hiyo ilipoanza kuwa adimu, mwaka wa 1969 kampuni iligeukia palisandre ya India kwa gitare zake za kawaida, na tangu 1992 biashara ya ile ya Brazili inabanwa vikali na mapatano ya mataifa. Leo ubao huo unatoka tu kwenye akiba za zamani, na gitare chache zinazoupata ndizo zinazowekewa etiketi ya pekee.

Martin alizikwa Nazareth. Kampuni ingali mali ya ukoo wake, na mwaka wa 2004 ilimaliza gitare yake ya milioni moja. Kwa mnunuzi, swali ni lile lile walilouliza majaji wa Markneukirchen: mwenye jina hili anaijua kazi? Etiketi inataja namba, ubao na jina. Jibu lenyewe liko kwenye mbao zilizo nyuma yake, na sauti inayotoka humo.