Habari za Samuel Ajayi Crowther

Katika nchi ya Wayoruba, upande wa Afrika ya Magharibi uitwao siku hizi Nigeria, palikuwa na mji jina lake Osogun. Mji huo ulizungukwa na boma la miti, na watu wake walikuwa wakulima na wafuma nguo. Humo alizaliwa Ajayi, wapata mwaka 1807.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, wanawake walipokuwa wakitengeneza chakula, jeshi la Wafulani na Wayoruba wenye kutafuta watumwa liliuzingira mji. Wanaume walishika silaha, lakini hawakuwa wamejiweka tayari, na baada ya saa chache boma likavunjwa. Baba yake Ajayi alikuja mbio nyumbani kuwaambia watu wake wakimbie, kisha akarudi penye vita. Ajayi hakumwona tena. Yeye na mama yake Afala, na ndugu zake wawili wa kike, ambao mmoja alikuwa angali mtoto mchanga, walikamatwa porini, wakatiwa kamba shingoni kama mbuzi wapelekwao sokoni. Walipogeuka nyuma waliona moshi wa nyumba zao.

Ajayi alikuwa na umri wapata miaka 13. Alitengwa na mama yake, akabadilishwa kwa farasi. Mwenye farasi hakupendezwa na biashara ile, basi baada ya muda mtoto alirudishwa, naye akafurahi sana kwa kuwa alimkuta mama yake. Walikaa karibu karibu muda wa miezi mitatu. Kisha jioni moja alifungwa na kupelekwa mbali, hata hakupata kumwaga mama yake. Tangu hapo aliuzwa mara kwa mara, mara kwa nguo, mara kwa tumbako na pombe kali. Kila alipouzwa alizidi kukaribia pwani, naye alikwisha kusikia kwamba huko wako Wareno wanunuao watu na kuwavusha bahari. Hofu ikamshika hata akakataa chakula, na usiku akatamani kufa. Lakini moyo wake haukukubali kujiua, na kulipokucha alikwenda tena na wenziwe.

Katika mji wa Lagos, ambao wenyeji huuita Eko, watu wazima na watoto walifungwa pamoja kwa mnyororo mmoja wenye urefu wa pima 6, uliopita katika pete ya chuma shingoni mwa kila mtu. Watu wazima walipokasirika waliuvuta mnyororo kwa nguvu, na shingo za watoto zikachubuka. Usiku, katika chumba kisicho na hewa, walikuwa karibu ya kukosa pumzi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1822 watumwa 187 walipakiwa katika merikebu ya Wareno. Siku ya pili jioni manowari mbili za Kiingereza, zilizokuwa zikivizia wafanya biashara ya watumwa, ziliikamata merikebu ile. Ajayi na watoto wengine wachache walihamishwa katika manowari iitwayo Myrmidon. Walipopanda juu waliona vipande vya nyama vimetundikwa, na risasi za mizinga, mviringo na nyeusi, zimepangwa chini. Wakadhani kwamba nyama ile ni ya wenzao, na risasi zile ni vichwa vyao. Mtu aweza kucheka leo. Lakini watoto wale walikuwa hawajatendewa wema na mgeni awaye yote tangu siku ya kutekwa kwao. Wakasogea kidogo kidogo, wakaona kwato ya nguruwe katika nyama ile, ndipo wakatulia.

Walishushwa Sierra Leone, mahali walipowekwa watu waliokombolewa. Ajayi alitiwa shule. Husimuliwa kwamba siku ile ya kwanza alikwenda mjini kumwomba mtu wa kwao nusu peni, apate kununua karatasi ya herufi iwe yake mwenyewe. Baada ya miezi sita alijua kusoma. Alijifunza na useremala pia. Mwaka 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo cha Fourah Bay, na baadaye akawa mwalimu. Akamwoa Asano, msichana aliyekombolewa naye kutoka katika merikebu ya watumwa.

Mwaka 1841 alisafiri na Waingereza waliopanda mto Niger kwa meli. Homa iliwashika, na wazungu wapata 40 wakafa katika muda mfupi. Watu wengi walisema safari ile ilikuwa ya bure, lakini Crowther alirudi na maarifa mengi ya lugha na ya watu. Mwaka 1843 alipewa ukasisi katika mji wa London, na mwaka huo huo kitabu chake cha maneno ya Kiyoruba kikapigwa chapa.

Hata mwezi wa Agosti mwaka 1846 akafika Abeokuta, mji mkubwa wa Wayoruba waliokimbia vita. Kwa hiari yake alirudi katika nchi ile ile aliyouzwa ndani yake. Alikuwa hajamaliza mwezi mmoja mjini, mama yake akaletwa kwake, pamoja na nduguye. Miaka 25 ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo Afala naye alikuwa ametekwa na kukombolewa zaidi ya mara moja. Alimshika mwanawe mkono, akatetemeka, wala hakuweza kusema neno. Wakatazamana kimya, machozi yakiwatoka. Kisha mama akaanza kumwita kwa majina ya utotoni, majina ambayo Crowther alikuwa hakuyasikia tangu siku aliyofungwa na kuondolewa. Mwaka 1848 Afala alibatizwa, akaitwa Hannah. Akakaa na mwanawe hata uzee wake.

Kazi yake kubwa ya miaka ile ilikuwa kutafsiri Biblia katika Kiyoruba. Kazi hiyo si nyepesi, kwani katika Kiyoruba neno moja hugeuka maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Aliketi na wazee, akasikiliza hadithi na methali zao, akaandika kila neno asilolijua. Mwaka 1862 nyumba yake ya Lagos iliungua, na mkusanyo wa maneno na methali wa miaka 11 ukateketea wote. Alihuzunika sana, maana fedha haziwezi kununua kitu cha namna hiyo. Kisha alianza kukusanya tena.

Tarehe 29 Juni mwaka 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Crowther alifanywa askofu, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika kanisa la Kiingereza. Katika mkutano ule alikuwamo mzee mmoja wa jeshi la bahari, naye ndiye nahodha aliyeiongoza Myrmidon siku ile ya mwaka 1822. Alikuwamo na bibi aliyemfundisha Ajayi kusoma Sierra Leone.

Lakini uzee wake haukuwa wa raha. Mwaka 1890 wamisionari vijana kutoka Uingereza, ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa alipopewa ukasisi, waliwashitaki wasaidizi wake wa Kiafrika, wakawaondoa wengi kazini bila kumsikiliza askofu wao. Pengine palikuwa na makosa ya kusahihisha, kwa kuwa nchi ile ilikuwa kubwa na wasimamizi wachache. Lakini jinsi walivyomtendea mzee yule ilikuwa aibu. Crowther alijitoa katika baraza lao, wala hakuwarudishia matusi. Akaendelea kuwashughulikia Wakristo wake wa mlangoni mwa mto, hata akapooza. Alikufa Lagos tarehe 31 Desemba mwaka 1891, na mahali pake pakawekwa askofu Mwingereza.

Mwaka 2014, ilipotimia miaka 150 tangu alipofanywa askofu, watu walikusanyika tena katika kanisa lile la Canterbury, na Askofu Mkuu akaomba radhi mbele yao kwa jinsi Crowther alivyotendewa.