Hans Berger, daktari aliyepima umeme wa ubongo

Baada ya kipindi chetu kuhusu ugonjwa wa ALS, ule uliompata mwanafizikia Stephen Hawking, swali moja lilitufikia mara nyingi kuliko mengine: mgonjwa asiyeweza hata kupepesa jicho, daktari anajuaje kama bado ana fahamu?

Swali ni zito. ALS huua neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mikono hulegea, ulimi huwa mzito, mwisho hata kupumua huhitaji mashine. Macho kwa kawaida hubaki hadi mwisho, lakini kwa wachache nayo huacha kutii. Hapo kumwambia mgonjwa afumbe macho au aminye kidole cha daktari hakusaidii kitu. Kutojibu si kutosikia.

Njia ya kumfikia mtu huyo ilianzia Ujerumani, kwa Hans Berger, aliyezaliwa karibu na Coburg mwaka 1873. Akiwa kijana jeshini, farasi alimwangusha mbele ya gurudumu la mkokoteni wa mzinga, akanusurika chupuchupu. Jioni ile ile ikaja simu ya maandishi kutoka nyumbani: dada yake alikuwa na hofu kwamba amepatwa na jambo. Berger aliamini mawazo yake yalisafiri hadi kwa dada huyo. Akageukia udaktari, akitaka kujua nguvu ya akili inapita wapi.

Sisi tungesema alianza na imani dhaifu, ila aliifuata kwa vipimo. Mwaka 1897 aliingia kliniki ya magonjwa ya akili mjini Jena, na mwaka 1919 akawa mkuu wake. Wenzake walimjua kama mtu mkimya, mwenye ratiba isiyobadilika. Utafiti wake aliufanya kwa siri. Mwaka 1924 alinasa umeme wa ubongo wa kijana wa miaka 17 aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa. Hakutangaza. Kwa miaka 5 alirudia na kurudia, mara nyingi akimpima mwanawe Klaus, akihofu kwamba labda anapima mapigo ya moyo au misuli tu.

Mwaka 1929 alichapisha. Mtu aliyetulia akiwa amefumba macho hutoa mawimbi kama 10 kwa sekunde. Akifumbua macho au akipiga hesabu kichwani, mawimbi hayo hufifia. Yaani mabadiliko ndani ya kichwa yalionekana kwenye karatasi bila mtu kusema neno. Wengi hawakumwamini hadi mwaka 1934, Edgar Adrian wa Cambridge, aliyekuwa na Tuzo ya Nobel, alipothibitisha. Kuhusu mawazo kusafiri, umeme huo ulikuwa dhaifu mno, wa sehemu za milioni za volti.

Kuna doa ambalo hatutalifunika. Chini ya utawala wa Wanazi, Berger alikaa katika mahakama zilizoidhinisha wagonjwa kufungwa uzazi kwa lazima. Alistaafu mwaka 1938, na tarehe 1 Juni 1941, akisumbuliwa na sonona, alijiua.

Kipimo chake, EEG, kilibaki. Mwaka 1999 watafiti wa Tübingen walieleza jinsi wagonjwa wawili wa ALS walivyoandika kwa kubadilisha mawimbi yao wenyewe, herufi baada ya herufi. Lakini kwa aliyepooza kabisa mambo ni magumu zaidi: anaweza kuwa amelala wakati anaulizwa, na hakuna wa kumwona. Jibu likikosekana, daktari makini haandiki kwamba fahamu haipo. Hurudia siku nyingine.

Mwaka 2022 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa ALS ambaye hata macho hayakumtii tena. Vifaa vilivyopandikizwa ndani ya ubongo vilimwezesha kupandisha na kushusha sauti ya mashine, juu kwa ndiyo, chini kwa hapana, na hivyo kuchagua herufi, takriban moja kwa dakika. Miongoni mwa aliyoyaomba ilikuwa supu.